Utangulizi: Atomu Tatu na Vifungo Vyake

Mawese yanayokamuliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, humiminika yenyewe ukiinamisha dumu. Dumu hilo hilo likipanda gari hadi Gitega, mita 700 na ushei juu ya ziwa, likalala usiku mmoja wa Julai katika duka la mtaa wa Mushasha, asubuhi mafuta yamegawanyika: chini limeketi tabaka zito la rangi ya machungwa, juu yamebaki mafuta mekundu yanayotembea. Mwenye duka hashangai. Huliegemeza dumu ukutani upande wa jua, au huingiza kijiko na kuchota, na mteja naye haulizi kama ameuziwa kitu kingine. Wote wawili wanajua ni mawese yale yale.

Mimi nataka waulize. Hakuna kilichotiwa ndani ya dumu wala kilichotolewa, ila baridi imefanya kazi ya kuchambua: imezitenga molekuli zinazoweza kulaliana na zile zisizoweza. Kwa nini hizi ziweze na zile zishindwe, ilhali zote zimeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, tena kwa hesabu inayokaribiana sana? Swali hilo likiulizwa juu ya mawese, kisha juu ya muhogo, ndizi, maziwa na nyasi, linafungua sehemu kubwa ya elimu ambayo nakukaribisha uiingie.

Nimewaandikia kwanza wanafunzi wa Gitega na Muyinga, ambao kemia wanafundishwa kwa Kifaransa, na wakishatoka darasani wananunua na kuuza kwa Kirundi na Kiswahili. Wengi wao fomula wanazijua. Kinachowapungukia ni kuziona jikoni. Vitabu vingi vya somo hili huanza na jedwali refu la majina, na kwa maoni yangu hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kumkimbiza mtu. Hapa tutaanza na vifungo. Atomu mbili zikishikana zinafanya kifungo, na kila kifungo kina mwelekeo na pembe yake. Majina yatakuja baadaye, tena machache. Kabohaidreti nitaita jamii nzima ya sukari, wanga na nyuzi za mimea. Wanga nitaita kile tu kinachojaza unga wa muhogo na wa mahindi. Lipidi ni mafuta, nta, na jamaa zao ambao pengine hukuwahi kuwahesabu kuwa mafuta, kolesteroli ikiwa mmojawapo.

Glukosi ndiyo mama wa jamii ya kwanza. Ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6, na jani lolote linaijenga kutokana na maji na hewa ukaa kwa nguvu ya jua. Fruktosi, inayoifanya asali iwe tamu kupita kiasi, ina hesabu hiyo hiyo: 6, 12, 6. Galaktosi ya kwenye maziwa pia. Ukipima kwa mizani, molekuli moja ya kila aina ina uzito ule ule, 180 kwa kipimo cha atomu. Lakini ulimi unazitofautisha, na ini linazitofautisha zaidi. Kati ya glukosi na galaktosi tofauti ni kaboni moja tu ambayo kikono chake cha oksijeni na haidrojeni kimeelekea upande wa pili. Mjerumani Emil Fischer alihesabu kwamba sukari za umbo hilo, zenye kaboni nne zinazoweza kuelekea huku au kule, lazima ziwe 16, kisha akatumia miaka mingi kuzitambua na kuzitengeneza moja baada ya nyingine. Mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakuwa na chombo cha kuziona molekuli zake. Alikuwa na fuwele, joto la kuyeyukia, na jinsi kila myeyuko unavyoupindisha mwanga. Mtu akikuambia kwamba kemia haiwezekani bila mitambo ya mamilioni, mtajie Fischer.

Sasa shika glukosi nyingi uziunganishe. Zikiungwa kwa kifungo kinachoelekea chini, kile wanakemia wanachokiita alfa, mnyororo unajikunja, na unapata wanga. Zikiungwa kwa kifungo cha beta, kinachoelekea upande mwingine, mnyororo unanyooka, minyororo jirani inashikana ubavu kwa ubavu, na unapata selulosi, yaani ile nyuzi inayoyasimamisha majani ya tembo kando ya barabara na inayofanya karatasi ya kitabu hiki. Malighafi ni moja. Mate yetu na kongosho letu vina kimeng'enya cha kukata kifungo cha alfa, wala hatuna cha kukata beta. Ndiyo maana bugali inashibisha na nyasi hazishibishi. Ng'ombe naye hana kimeng'enya hicho, ila ametenga chumba tumboni kwa ajili ya vijidudu walio nacho. Hao huikata selulosi na kuichachua, na ng'ombe anaishi kwa asidi nyepesi za mafuta wanazozitoa, ile ya siki ikiwa ya kwanza kwa wingi. Kwa hiyo maziwa unayoyaona yametokana na majani, lakini sehemu kubwa ya kazi imefanywa na viumbe wasioonekana.

Jaribio la kwanza katika kitabu hiki linahitaji ndizi mbili na iodini ya kusafishia vidonda. Kata kipande cha ndizi mbichi, dondoshea tone. Ile rangi ya kahawia inageuka buluu nzito iliyokaribia weusi papo hapo, kwa sababu mnyororo wa wanga umejizungusha, glukosi 6 kwa kila mzunguko, na iodini imeingia katika uwazi wa katikati. Kisha kata ndizi iliyoiva hadi kuwa na madoa, dondoshea tone lingine. Rangi karibu haibadiliki. Katika ndizi mbichi, wanga ni kama gramu 20 kwa kila gramu 100 za nyama yake. Ikiiva sana zinabaki 1 au 2, na mahali pake pamejaa sukari. Tunda lenyewe limekata vifungo vyake. Fanya jaribio hilo kwa mkungu mmoja kila asubuhi, ukikata kipande upande wa bua na kipande upande wa ncha, na utajua mengi juu ya vimeng'enya kabla hujasoma ukurasa wowote unaovihusu.

Wanaotengeneza urwarwa, pombe ya ndizi, wanalijua hili kwa mikono. Ndizi za pombe hufukiwa shimoni pamoja na majani, na mara nyingi joto na moshi hupitishwa humo. Katika moshi kuna gesi ya ethilini, ile ile ambayo tunda hujitolea lenyewe ili kuanza kuiva. Baada ya siku chache wanga umekwisha kuwa sukari. Ndizi hukandwa kwa majani makavu, juisi hukamuliwa, huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, na chachu inachukua nafasi yake. Hesabu yake ni safi ajabu: kila gramu 180 za glukosi, chachu ikizimaliza zote, hutoa gramu 92 za pombe na gramu 88 za hewa ukaa. Povu linalopanda mdomoni mwa mtungi ni karibu nusu ya sukari uliyoanza nayo, inatoroka.

Impeke, pombe ya mtama, inaanzia mahali pagumu zaidi, kwa kuwa mtama hauivi ukawa mtamu. Wanga wake unakaa kama ulivyo hadi mbegu iote. Kwa hiyo mtengenezaji anaidanganya mbegu: anailoweka, anaiacha itoe mizizi, inatengeneza kimeng'enya cha kukata wanga ili iulishe mche mchanga, halafu anaianika na kuisaga kabla mche haujala kitu. Kutoka kwenye nafaka iliyooteshwa namna hii, shayiri kwa upande wao, Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga mwaka 1833 kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa na binadamu. Kiwanda chochote cha bia kinafanya kazi hiyo hiyo kwa matangi na vipimajoto. Wanawake wa milima ya Burundi wanaifanya kwa mitungi na kwa kidole kilichochovywa ndani kuonja.

Nitakaa kidogo kwenye muhogo, kwa sababu hapo kemia ya sukari inaacha kuwa habari ya ladha na kuwa habari ya miguu ya watoto.

Muhogo mchungu una molekuli iitwayo linamarini. Ni glukosi, ile ile ya kawaida, iliyofungwa kwa kifungo cha beta kwenye kipande kidogo kilichoficha sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo ni tulivu na inayeyuka vizuri majini, na mmea unaihifadhi ndani ya seli zake. Kimeng'enya cha kukikata kifungo hicho kimewekwa mbali nayo kidogo, kwenye ukuta wa seli. Panya akitafuna, au jembe likijeruhi kiazi, ukuta unapasuka, viwili hivyo vinakutana, glukosi inakatwa, kipande kilichobaki kinavunjika, na sianidi inatoka. Mmea umejiwekea ulinzi ambao haufanyi kazi mpaka uguswe.

Maarifa yote ya kutayarisha muhogo mchungu, ukiyatazama kwa jicho la mkemia, ni maarifa ya kukutanisha linamarini na kimeng'enya chake makusudi, mapema, kabla chakula hakijafika mdomoni. Kuloweka siku tatu au zaidi kunalainisha seli na kuzifungua. Kukwangua, kuponda na kuanika kunaendeleza. Sianidi ikishatoka inakwenda zake, maana inachemka kwenye nyuzi 26 tu, joto ambalo mkeka wa kuanikia unalipita kabla ya saa nne asubuhi. Sombe ni mfano mzuri zaidi. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko mzizi, na bado tunayala bila kudhurika, kwa sababu mchi unayaponda hadi hakuna seli iliyosalia nzima, na majani yana kimeng'enya kwa wingi mno. Kisha chungu kinachemka bila haraka na mvuke unatoka. Anayechukua njia ya mkato na kuchemsha majani mazima hajafanya kitu kile kile kwa muda mfupi. Maji ya moto yameharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini imebaki chunguni ikiwa imefungwa.

Njia za mkato zinakuja na njaa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo huko Kwango, Kongo: mtu analala mzima, na kwa ghafla miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ukatokea Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ukatokea wilayani Tarime, kaskazini mwa Tanzania. Mpangilio ulikuwa mmoja. Kulikuwa na muhogo mchungu tu, watu wenye njaa waliofupisha siku za kuloweka, na mlo usio na maharage wala samaki wa kutosha. Hilo la mwisho si la pembeni. Mwili unaiondoa sianidi kwa kuiunganisha na salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Watoto na wanawake wa umri wa kuzaa ndio walioumia zaidi.

Kiwango cha usalama kilichowekwa kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Na kwa unga ambao tayari umesagwa bila kulowekwa vya kutosha kuna dawa rahisi, iliyotoka kwa mkemia Howard Bradbury wa Australia na kupelekwa kijiji cha Kay Kalenda, Kongo, mwaka 2010: loanisha unga kwa maji, utandaze uwe na unene usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Kimeng'enya bado kimo ndani ya unga mkavu, kikingoja maji. Nimewahi kusikia wasomi wakiicheka njia hii kwa kuwa haina mtambo. Mimi naiona kuwa moja ya kazi nadhifu kuliko zote nilizosoma za kemia iliyotumika.

Maziwa yanatupitisha kutoka jamii ya kwanza kwenda ya pili, kwa sababu yamebeba zote. Sukari yake, laktosi, ni glukosi na galaktosi zilizofungwa beta, karibu gramu 5 katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuifungua. Watu wengi duniani hupoteza kimeng'enya hicho wakishaacha kunyonya, na glasi ya maziwa mabichi huwasumbua tumbo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza walichokipata kwa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan: wafugaji wengi wa upande wetu wanaendelea kuwa na kimeng'enya hadi uzeeni kwa sababu ya badiliko dogo la urithi tofauti kabisa na lile la Wazungu, lililoenea ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, pamoja na ng'ombe. Wasio nalo walipata njia nyingine zamani sana. Maziwa yakiachwa yagande, bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na mtindi hupita tumboni bila ugomvi.

Tikisa sasa maziwa hayo kibuyuni. Kwa dakika nyingi hakuna kitu, mkono unachoka, halafu sauti inabadilika: badala ya mlio wa maji kunasikika kishindo cha kitu kinachogonga. Siagi imekusanyika. Ndani ya maziwa mafuta yalikuwa yametawanyika katika vitone vyenye upana wa sehemu tatu au nne za elfu ya milimita, na kila kimoja kimevikwa utando mwembamba wa fosfolipidi. Hii ni lipidi yenye tabia mbili. Kichwa chake kinapenda maji, mikia yake miwili inayakimbia. Ikiwa na vichwa nje na mikia ndani, inakizuia kitone kisiungane na mwenzake. Mtikiso unauchana utando, mafuta yanagusana, yanashikamana.

Utando wa namna hiyo ndio unaoizunguka kila seli ya mwili wako, ila huko fosfolipidi zimejipanga tabaka mbili, mikia ikitazamana. Waholanzi Gorter na Grendel waliligundua mwaka 1925 kwa hila nyepesi. Walitoa lipidi zote kutoka chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji zikawa tabaka moja, wakapima eneo, na likatoka maradufu ya eneo la nje la chembe zenyewe. Bila ukuta huo wa mafuta hakuna ndani na nje, na bila ndani na nje hakuna uhai wa kuuzungumzia. Kolesteroli, yenye sifa mbaya mitaani, imo humo humo ikiuweka utando usiwe laini mno wala mgumu mno, na mwili unaitumia pia kujengea homoni na vitamini D.

Nirudi kwenye dumu la Mushasha, maana jibu lake sasa liko karibu. Mafuta ya kula, ya mwese au ya ng'ombe, yamejengwa kwa gliseroli, kipande cha kaboni 3, kilichoshikwa na asidi tatu za mafuta, kila moja ikiwa mnyororo mrefu. Mnyororo wa asidi ya steariki una kaboni 18, umenyooka, na unayeyuka kwenye nyuzi 69. Wa asidi ya oleiki una kaboni 18 vilevile, lakini katikati kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu na mnyororo ukapinda hapo. Unayeyuka kwenye nyuzi 13. Haidrojeni mbili pungufu, pindo moja, na tofauti ya nyuzi 56. Anayefunga mzigo wa kuni anajua sababu yake: zilizonyooka hulaliana na kubana, moja iliyopinda ikiingia mzigo wote unalegea. Katika mawese asidi ya palmitiki, iliyonyooka, ni kama 44 kwa 100, na ya oleiki kama 39. Joto la Rumonge linatosha kuziweka zote katika mwendo. Baridi ya Gitega inazikamata zenye minyororo iliyonyooka na kuziketisha chini, ile yenye pindo inaendelea kutembea juu. Viwanda vya mafuta hufanya hivyo makusudi na kuuza matabaka hayo mawili kwa majina mawili na bei mbili.

Asidi hizo ziling'amuliwa na Mfaransa Michel Chevreul, aliyeanza mwaka 1811 kwa kuchunguza sabuni na kuchapisha kitabu chake kikubwa cha mafuta ya wanyama mwaka 1823. Alionyesha kwamba magadi makali yakichemshwa na mafuta yanakifungua kifungo kati ya gliseroli na asidi zake, na chumvi ya asidi hizo ndiyo sabuni. Asidi ile inayonuka katika siagi iliyochacha naye ndiye aliyeitenga. Aliishi miaka 102, jambo ambalo halihusiani na kemia lakini sikuweza kuliacha.

Wapo watakaouliza haya yana faida gani kwa mtu wa Muyinga anayekula bugali ya muhogo na maharage, na mafuta kidogo akiyapata. Uchunguzi wa Demografia na Afya wa Burundi wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, na anayezipunguza ziwe moja anadanganya. Lakini kemia inaweza kusema jambo moja bila kusita: wanga peke yake, hata ukijaza sahani, haujengi mwili wote. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Marekani waliwalisha panya chakula chenye sukari tele bila mafuta hata kidogo. Panya walikoma kukua, ngozi ikatoka magamba, na tone dogo la mafuta yenye asidi ya linoleiki likawaponya. Mwili wetu unaweza kutengeneza mafuta kutokana na sukari, lakini hauwezi kuweka kifungo maradufu mahali pale ambapo asidi hiyo inakihitaji. Lazima ije na chakula: karanga, soya, mawese, au ndagala wa ziwani.

Mafuta pia hubeba. Karotini inayoyapa mawese wekundu wake, na inayovipa rangi viazi vitamu vya njano ambavyo Mganda Robert Mwanga na wenzake walitunukiwa kwavyo Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, ni lipidi. Haiyeyuki majini. Mtoto akila kiazi hicho kikavu, sehemu kubwa ya karotini inapita bila kuingia mwilini. Kijiko cha mafuta kikiwepo inaingia, na ini linapata vitamini A. Na mawese yakichemshwa hadi yatoe moshi na kuwa meupe, kama wapishi wengine wanavyopenda, karotini imekwisha.

Limebaki suala la akiba. Mwaka 1857 Claude Bernard alitenga glikojeni kutoka kwenye ini, kabohaidreti yenye vifungo vya alfa na matawi mengi, wanga wa mnyama ukipenda. Mtu mzima ana kama nusu kilo ya glikojeni, zaidi katika misuli, na akishinda na njaa siku moja ile ya ini inakaribia kwisha. Kwa nini tusiweke zaidi? Kwa sababu kila gramu yake inashikilia gramu 3 hivi za maji, na inatoa kalori 4, ilhali gramu ya mafuta haibebi maji na inatoa 9. Mwili unaotembea hauwezi kumudu uzito huo, ndiyo maana ziada yote inageuzwa mafuta. Nyuki anafanya geuzo hilo kwa uwazi zaidi yetu: anakula kilo kadhaa za asali, na kati ya pingili za tumbo lake inatoka kilo moja ya nta.

Kwetu barabara hiyo inakwenda upande mmoja. Sukari inakuwa mafuta. Minyororo mirefu ya asidi za mafuta hairudi kuwa sukari, na mwenye njaa ya siku nyingi analazimika kuivunja misuli yake ili ubongo upate glukosi, hadi ujifunze kutumia kitu kingine. Karanga haina shida hiyo. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, inafukiwa gizani mahali pasipo na jua la kutengenezea sukari, na bado mzizi wake unahitaji selulosi, nayo haijengwi ila kwa glukosi. Mwaka 1957 Hans Kornberg na Hans Krebs walieleza jinsi inavyowezekana: mbegu ina vimeng'enya viwili ambavyo mwili wa binadamu hauna, navyo vinaziokoa kaboni ambazo kwetu zingepumuliwa nje. Njia yenyewe, hatua kwa hatua, iko katika sura ya mwisho. Usianze nayo. Anza na ndizi mbili na iodini.